Shilingi Elfu Kumi: Akiba za Wageni wa Kampala, 1972 hadi 1993

Anayetembea leo katika barabara ya Kampala Road huona, kila baada ya hatua chache, ubao ulioandikwa bei za dola, pauni, yuro na shilingi ya Kenya. Hayo ni maduka ya kubadilishia fedha. Mgeni huingia, hutoa noti zake, huhesabiwa shilingi, hupewa risiti, akatoka. Hakuna anayemtazama mara mbili. Lakini wazee wa mji huu wanakumbuka enzi ambapo tendo hilohilo lilifanywa kwa kunong'ona, na kwa jina jingine: kwenda kibanda. Neno hilo unalijua, msomaji wangu. Kibanda ni kijumba kidogo, pengine cha makuti au mabati, mahali pa kuuzia ndizi au sigara. Kampala ya miaka ya 1970 na 1980 ililipa maana mpya. Kibanda kikawa soko la fedha za kigeni lililokuwa nje ya sheria, na "bei ya kibanda" ikawa ndiyo bei ya kweli ya shilingi, hata kama benki ilisema vingine.

Nataka tufuatilie historia hiyo kwa njia nyepesi. Tuchukue shilingi 10,000 za Uganda, tuziweke mkononi mwa mtu aliyehesabiwa kuwa mgeni mjini Kampala mwaka 1972, kisha tuone zilifikia wapi. Mtu huyo hana jina. Ni wa kubuni. Fedha zake na sheria zilizozigusa ni za kweli.

Shilingi hiyo ilikuwa bado changa. Tangu 1919 fedha za Afrika Mashariki zilitolewa na Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, na kwa miaka mingi shilingi 20 zilikuwa sawa na pauni moja ya Uingereza. Benki ya Uganda ilifunguliwa tarehe 15 Agosti 1966, ikaanza kutoa noti zake yenyewe, shilingi kwa shilingi na zile za zamani. Dola moja ya Marekani ilinunuliwa kwa shilingi 7 na senti 14 hivi. Kwa hiyo shilingi 10,000 zilikuwa dola 1,400. Kwa mwalimu, karani mwandamizi au mwenye duka la nguo, hiyo ilikuwa akiba ya kuheshimika: pengine karo ya mtoto ng'ambo, pengine mtaji wa duka la pili.

Benki za kuziweka zilikuwepo. National Bank of India ilifika Uganda mwaka 1906, zikafuata Standard na Barclays. Bank of Baroda ya India ilifungua mlango Kampala mwaka 1953. Na mwaka 1965 serikali ikaanzisha Uganda Commercial Bank ili wananchi wa kawaida nao wapate mahali pa kukopa. Hadi hapo benki kubwa zilikuwa za kigeni, na wateja wake wakubwa walikuwa wenye asili ya Asia pamoja na Wazungu.

Hapa inafaa tuulize neno "mgeni" lilimaanisha nani. Sensa ya 1969 ilihesabu zaidi ya watu 70,000 wenye asili ya Asia nchini Uganda. Wengi walizaliwa Kampala, Jinja, Mbale au Masaka. Babu zao walikuja wakati wa ujenzi wa reli au walifuata biashara baada yake. Baadhi walichukua uraia wa Uganda baada ya uhuru. Wengi zaidi walibaki na pasipoti za Uingereza. Wengine walikuwa wameomba uraia wa Uganda, wakadhani wameupata, kumbe hawakukamilisha kwa wakati masharti ya kuukana uraia wa Uingereza. Mtu wa namna hii alifanya biashara na kulipa kodi kama jirani yake, na akaunti yake benki haikuwa na alama yoyote ya kumtofautisha. Tofauti ilikuwa katika karatasi iliyokaa kabatini nyumbani.

Dalili za hatari zilianza kabla ya Idi Amin, jambo ambalo wengi husahau. Mwezi Mei 1970 Rais Milton Obote alitangaza uwanjani Nakivubo kwamba serikali ingechukua asilimia 60 ya hisa katika makampuni makubwa, benki zikiwamo. Mwaka huohuo serikali yake iliwaondoa maelfu ya wafanyakazi Wakenya, wengi wao watu wa reli na viwanda. Nao walikuwa wageni, nao waliacha kazi na marafiki. Huwa nasisitiza jambo hili kwa sababu historia ya kufukuzwa kwa wageni Uganda husimuliwa kana kwamba ilianza na kuisha na mtu mmoja.

Amin alichukua madaraka tarehe 25 Januari 1971. Tarehe 4 Agosti 1972, akiwa kambini Tororo, aliwaambia askari wake kwamba Waasia wenye pasipoti za Uingereza lazima waondoke. Walipewa siku 90, na mwisho ukawa tarehe 8 Novemba. Jambo lote aliliita vita vya uchumi.

Sasa mrudie mtu wetu mwenye shilingi 10,000. Tatizo lake la kwanza lilikuwa foleni. Uraia wake ulipaswa kuhakikiwa. Ilibidi apate cheti kwamba hadaiwi kodi, apate kibali cha kuingia Uingereza kutoka kwa Ubalozi wa Uingereza, na apate idhini ya Benki ya Uganda kabla ya kutoka na fedha yoyote ya kigeni. Serikali ilitoa amri ya kutangaza mali kwa Waasia wasio raia: nyumba, duka, gari, bidhaa, madeni, vyote viandikwe. Watu waliokuwa wakiandika hesabu za wateja kwa miaka 30 wakaketi usiku kuandika hesabu yao ya mwisho, wakijua kwamba atakayeisoma si mnunuzi.

Tatizo la pili lilikuwa kiwango. Familia iliruhusiwa kutoka na kiasi cha pauni 50 tu. Kwa bei rasmi, pauni 50 zilikuwa shilingi 1,000 hivi au pungufu kidogo. Kwa hiyo, kati ya shilingi 10,000, mtu wetu aliweza kubeba sehemu moja ya kumi. Shilingi 9,000 zilibaki. Angezifanya nini?

Sikiliza mantiki ya siku hizo 90, kwa maana ni somo zima la uchumi. Mtu anapojua kwamba fedha yake haitavuka mpaka, hutafuta kitu kitakachovuka. Dhahabu huvuka, na kwa familia za Kihindi dhahabu ya harusi ndiyo iliyokuwa benki ya wanawake tangu zamani. Kamera, saa na vitambaa navyo huvuka. Katika simulizi za familia nyingi husikika habari za tiketi za ndege za safari ndefu, zilizonunuliwa kwa shilingi kwa matumaini kwamba zingerudishiwa fedha ng'ambo. Wakati huohuo bei za vitu visivyovuka zilianguka. Magari, mafriji na samani viliuzwa kwa chochote, kwa kuwa muuzaji alikuwa na haraka na mnunuzi hakuwa na haraka yoyote. Mnunuzi alijua kwamba akisubiri wiki mbili zaidi atavikuta bure.

Lakini hata dhahabu ilipaswa kupita barabarani. Kati ya Kampala na uwanja wa ndege wa Entebbe askari waliweka vizuizi. Mizigo ilipekuliwa, saa zikavuliwa mikononi, bangili zikachukuliwa. Ndege ya kwanza ya wakimbizi hao ilitua Stansted, Uingereza, tarehe 18 Septemba 1972. Uingereza ilipokea watu zaidi ya 27,000, Kanada ikapokea zaidi ya 6,000, wengine wakaenda India na kwingineko. Waliokataliwa na kila pasipoti, yaani wasio na nchi, walisafirishwa kwa msaada wa Umoja wa Mataifa hadi kambi za muda Ulaya, zikiwamo za Austria na Italia.

Si wageni tu waliotetemeka majira hayo. Tarehe 21 Septemba 1972 Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka alinyakuliwa kutoka Mahakama Kuu mchana kweupe, naye hakurudi. Mwaka huohuo akatoweka pia Joseph Mubiru, gavana wa kwanza wa Benki ya Uganda. Nchi iliyokuwa ikiwaambia Waasia wajaze fomu za benki ilikuwa imempoteza mtu aliyeijenga benki hiyo. Ukitaka kujua kwa nini shilingi iliugua, unaweza kuanzia hapo kabla hujafungua kitabu chochote cha takwimu.

Mali iliyobaki ilikabidhiwa bodi ya serikali, iliyojulikana baadaye kama Bodi ya Msimamizi wa Mali za Waasia Walioondoka. Biashara na mashamba zaidi ya 5,000 yaligawanywa. Waliogawiwa walikuja kuitwa "mafuta mingi". Mwalimu wa Kiswahili hana budi kuinua kidole hapa: mafuta ni ngeli ya LI-YA, kwa hiyo ilipasa kuwa mafuta mengi. Hata hivyo sitalisahihisha. Jina hilo lilizaliwa Kampala, mjini na sokoni, katika Kiswahili cha watu wasiofundishwa ngeli, na limebaki katika historia kama lilivyosemwa. Lilimtaja mtu aliyenona ghafla. Wengi wao walikuwa askari au watu wenye ndugu askari. Duka waliuza hadi rafu zikabaki tupu, nao hawakujua wapi pa kuagiza mzigo mpya, kwa sababu mwenye barua za wauzaji wa Bombay na London alikuwa tayari Leicester.

Sasa tugeukie mgeni wa aina ya pili, yaani yule aliyebaki au aliyekuja baadaye: mhadhiri wa Makerere, daktari wa Mulago, padri, mtumishi wa shirika la kimataifa, mwalimu kutoka Ghana au India. Huyu hakufukuzwa. Shida yake ilikuwa kuishi na bei mbili.

Serikali iliendelea kutangaza kwamba dola ni shilingi 7 na kitu, baadaye 8. Wakati huo ilichapisha noti, zikiwamo zilizochorwa sura ya Amin, kulipia jeshi na mishahara. Viwanda vilisimama, sukari, sabuni na chumvi vikaadimika. Noti nyingi zikafukuza bidhaa chache, bei zikapanda, na hakuna aliyetaka kuuza dola yake halali kwa shilingi 8 ilhali kibandani ilinunuliwa kwa mara kadhaa ya hapo. Mgeni aliyelipwa kwa dola na kwenda benki kama sheria ilivyotaka aligundua kwamba mshahara wa mwezi haununui chakula cha wiki. Aliyekwenda kibanda aliishi kama mfalme, lakini alivunja sheria. Na aliyelipwa kwa shilingi, hata kama mkataba wake ulisema anaweza kupeleka sehemu ya mshahara kwao, alisubiri idhini ya benki kuu isiyokuwa na fedha za kigeni za kumpa.

Sheria haikuwa ya mzaha. Mwaka 1975 Amin alitoa amri ya kuunda mahakama ya kijeshi ya makosa ya uchumi: magendo, ulanguzi, kuficha bidhaa, kucheza na fedha za kigeni. Adhabu iliweza kufikia kifo. Hata hivyo magendo hayakukoma, maana waliopaswa kuyazuia walikuwa miongoni mwa wafanyaji wake. Bei ya kahawa duniani ilipopaa mwaka 1976 na 1977, magunia ya kahawa ya Uganda yalivushwa usiku hadi soko la Chepkube, upande wa Kenya, kwa kuwa mkulima alilipwa huko kwa shilingi yenye uzito. Kwa upande wake, serikali ilituma ndege na kahawa hadi Stansted, zikarudi na pombe kali na vitu vya anasa vya kuwatuliza maofisa. Ndiyo, Stansted ileile.

Naongeza jambo moja kuhusu lugha. Magendo, kibanda, mafuta mingi: msamiati huu wa dhiki ni wa Kiswahili, katika mji ambao watu wake huzungumza Kiganda nyumbani. Kiswahili kilikuwa lugha ya biashara ya mbali na lugha ya kambi ya jeshi, na mwaka 1973 Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa. Kwa Waganda wengi ndiyo lugha waliyoisikia kwenye kizuizi cha barabarani, ikiwaamuru wafungue begi. Ukikutana na mzee wa Kampala anayekunja uso unapomsalimu kwa Kiswahili fasaha, usimhukumu haraka.

Amin aliangushwa mwezi Aprili 1979. Noti zenye sura yake ziliondolewa, na aliyekuwa nazo alilazimika kuzibadilisha. Tuseme kwamba yule mtu wetu wa 1972 alimwachia rafiki shilingi zake, wala tusijali kwamba ni 9,000. Tubaki na 10,000 ili hesabu iwe rahisi. Tuseme pia kwamba rafiki alikuwa mwaminifu, akazificha ndani ya sanduku, akazibadilisha kila noti zilipobadilishwa.

Mwezi Juni 1981, chini ya serikali ya pili ya Obote, shilingi iliachwa ielee. Dola ikaruka kutoka shilingi 8 hivi hadi 78 hivi. Zile shilingi 10,000 zilizokuwa dola 1,400 sasa zikawa dola 128. Mwaka 1982 serikali iliweka madirisha mawili: dirisha la kwanza kwa mahitaji yaliyopewa kipaumbele, kwa bei nafuu ya dola, na dirisha la pili kwa mengineyo, kwa bei ya juu. Mgeni aliyetaka kupeleka fedha kwao alijifunza upesi dirisha lake ni lipi. Madirisha hayo yaliunganishwa mwezi Juni 1984, dola ikiwa karibu shilingi 300. Sanduku likawa na dola 33.

Yoweri Museveni aliingia Kampala mwezi Januari 1986 baada ya vita vya msituni. Mwanzoni serikali yake ilijaribu kuibana dola kwa amri ibaki shilingi 1,400, na kibanda kikafurahi kama zamani. Tarehe 15 Mei 1987 ikabadili mwelekeo: shilingi mpya ilitolewa, moja kwa kila 100 za zamani, na fedha zilizobadilishwa zikakatwa kodi ya asilimia 30. Dola ikawekwa kwenye shilingi mpya 60. Piga hesabu mwenyewe. Shilingi 10,000 zikawa 100. Ukitoa kodi, zikawa 70. Ukinunua dola, unapata moja na senti 17.

Rafiki mwaminifu hakuiba hata senti. Wala hakukuwa na benki iliyofilisika katika hadithi hii, wala mwizi aliyevunja mlango. Wataalamu watakwambia kwamba kodi ile ya 1987 ilihitajika ili kupunguza fedha zilizojaa mitaani, na nadhani wana hoja. Mfumuko wa bei ulikuwa umevuka asilimia 100 kwa mwaka. Lakini mimi hujiuliza juu ya mjane wa Masaka aliyeuza kahawa yake wiki moja kabla. Yeye hakuwa mgeni, wala hakuwa na dola za kukimbilia. Mgeni mwenye akaunti London au Nairobi aliiona Mei 1987 kama usumbufu wa wiki moja. Mwenye nchi aliiona kama moto.

Mwezi Julai 1990 serikali ilifanya jambo ambalo mwaka 1975 lingemfikisha mtu mbele ya mahakama ya kijeshi: ilitoa leseni kwa maduka ya kubadilisha fedha, yanunue na kuuza kwa bei ya soko, bila kumwuliza mteja alikotoa dola zake. Kibanda kilipata mlango wa kioo, ubao wa bei na risiti. Katika miaka michache pengo kati ya bei rasmi na bei ya mtaani likayeyuka, na mwaka 1997 vizuizi vya kuingiza na kutoa mitaji viliondolewa. Mgeni anayefika Kampala leo anaweza kufungua akaunti ya dola na kuihamisha akiondoka. Akiba yake ya shilingi katika benki yenye leseni ina kinga ya Mfuko wa Kulinda Amana hadi shilingi milioni 10 kwa kila mteja kwa kila benki. Kinga hiyo humfaa benki inapoanguka. Thamani ya shilingi yenyewe haimo ndani yake.

Waasia nao walianza kurudi. Sheria ya 1982 ya mali zilizotwaliwa iliwapa haki ya kudai nyumba na viwanda vyao. Familia za Mehta wa Lugazi na Madhvani wa Kakira zilirudi katika sukari, na serikali ya Museveni ikaharakisha madai hadi tarehe ya mwisho iliyowekwa, 30 Oktoba 1993. Wengine walirudi kwa wiki moja tu, wakatembea na hati mkononi kutafuta jengo lenye jina la babu lililochongwa juu ya mlango pamoja na mwaka wa ujenzi. Majina hayo bado yapo katika majengo ya zamani ya katikati ya mji. Inua macho juu ya mabango ya simu utayaona. Jengo lilikuwa limechakaa, paa limetoboka, pengine wapangaji hawataki kutoka, lakini lilikuwa pale, nalo liliweza kudaiwa.

Yule aliyekuja na daftari la akiba la mwaka 1972 hakuwa na ukuta wa kuonyesha. Salio lake lilisomeka vizuri bado, kwa wino wa karani wa zamani: shilingi elfu kumi.